Nani Amewaita?

Kwanza niweke mambo wazi. Mimi si daktari, si mwanasaikolojia, na digrii sina. Niliacha kampo mwaka wa pili. Kwa hivyo usitarajie mhadhara hapa. Hii ni story ya kitu kidogo kilitokea mtaani, kikanishika shati na kunivuta mpaka 1910.

Jumamosi moja kikundi cha vijana cha mtaa wetu huku Eastlands kiliandaa warsha ya afya ya akili. Unazijua hizi warsha. Ukumbi wa kijamii, viti vya plastiki vimepangwa duara, bango la mtu ameshika kichwa, soda na mandazi saa nne, na karatasi ya kusaini mlangoni: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, sahihi. Mimi nilikuwa nimeitwa na kamera yangu nichukue video. Doh kidogo, lakini doh ni doh.

Mama mmoja anayeuza mboga pale stejini akaanza. Akaongea juu ya kijana wake aliye ndani, na venye amechoka kudanganya majirani ati yuko Mombasa kwa kazi. Ukumbi ukapoa. Halafu msee mmoja wa rika langu, kofia imeshuka mpaka macho, akasema, "Mimi mwaka juzi nilijaribu..." Akanyamaza. Akaangalia ile karatasi ya majina pale mezani. Akaangalia kamera yangu. Kisha akamalizia, "...nilijaribu kutafuta kazi Qatar, ikakataa."

Hakuna mtu alidanganyika. Hata yule mama wa mboga aliinamisha kichwa. Nilizima kamera, lakini nilikuwa nimechelewa, na hiyo sekunde ya yeye kuniangalia bado iko na mimi.

Baada ya warsha mwenyekiti wa kikundi akanivuta kando. Mwelekezaji aliyekuja na wafadhili hatarudi, lakini wao wanataka duara iendelee kila wiki. "Wewe unajua kuongea na watu, buda. Shikilia." Nikacheka. Mimi? Mimi niliacha kampo kwa sababu kuna muhula mzima sikuweza kuamka kitandani, karo ikalala, na siku nilipojikokota mpaka ofisi ya ushauri nikapata kufuli mlangoni. Nilirudi mara mbili. Kufuli ni ile ile. Sasa mimi ndio niongoze watu?

Nikasema wacha nifikirie. Wikendi hiyo nikapanda matatu nikaenda Murang'a kwa shosho.

Shosho huniita mume wake, kwa sababu nilipewa jina la guka. Nilimweleza yote nikimsaidia kutoa maganda ya maharagwe: tunakaa duara, kila mtu anasema yenye yamemlemea. Nilidhani atafurahi, kwani si wazee hupenda sana kusema zamani watu walikaa pamoja? Hakufurahi. Aliacha maharagwe akaniuliza maswali mawili.

"Nani amewaita? Na nani anaandika?"

Hayo maswali yana umri. Yametoka mahali. Kuyaelewa ilibidi nisome vitu ambavyo shuleni tuliruka, au tulisomea mtihani tukasahau jioni hiyo hiyo.

Anza na Mathari. Wewe na mimi tumekua tukitaniana, "Utapelekwa Mathari wewe." Ile hospitali ilifunguliwa Julai 1910, mahali palipokuwa kituo cha kutenga wagonjwa wa ndui. Jina lake la kwanza lilikuwa Nairobi Lunatic Asylum, yaani nyumba ya kufungia wenda wazimu, na kufungia ndio neno. Mtu hakuletwa kwa sababu ana huzuni. Aliletwa kwa sababu anasumbua: amepiga mtu, anatembea uchi barabarani, amemkaripia mzungu. Ndani, wazungu walikuwa na upande wao, Wahindi wao, Waafrika wao. Uchi wa roho nao ulipangwa kwa rangi.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa daktari wa serikali aliyeitwa J. C. Carothers. Alikuwa Kenya tangu 1929 kama daktari wa kawaida wa wilaya. Mafunzo ya magonjwa ya akili hakuwa nayo alipochukua kazi, aliyatafuta baadaye. Hapo simlaumu, mimi mwenyewe niko hapa bila karatasi. Shida ni yale aliyoandika akishakuwa mkubwa.

Carothers alihesabu watu waliofika Mathari, akaona ni wachache ukilinganisha na Ulaya, na wale wa huzuni nzito, ile tunaita depresheni, ni wachache zaidi. Akahitimisha kwamba Mwafrika hapatwi sana na hiyo kitu. Ebu simama hapo kidogo. Ni sawa na mimi nisimame kwa mlango wa kilabu saa nane za usiku, nihesabu wanaotoka, niseme Nairobi hakuna wacha Mungu. Mama aliyelala kwa nyumba yake Kiambu hataki kula, anamkumbuka mtoto aliyekufa, nani angempeleka Mathari? Hasumbui mtu. Serikali haikujua yupo.

Na haikuishia hapo. Mwaka 1951 alichapisha makala akilinganisha akili ya Mwafrika mzima na ya mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo kwa upasuaji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani, lile lile WHO la siku za korona, likachapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Moja ya hoja zake ni kwamba Mwafrika anaishi kwa kundi kiasi kwamba hajajijenga kama mtu binafsi, hivyo hana ile hatia ya ndani inayozaa huzuni. Yaani kukaa kwetu pamoja, hiyo kitu leo inauzwa kwa tiketi na mkeka wa yoga, kwake ilikuwa dalili kwamba hatujakomaa.

Frantz Fanon, ambaye yeye alikuwa daktari wa akili kweli na alifanya kazi Aljeria wakati wa vita, alimjibu Carothers vikali katika kitabu chake cha mwisho mwaka 1961. Lakini kufikia hapo mambo yalikuwa yameshafanyika huku kwetu.

Kwa sababu 1954 serikali ya ukoloni ilimwita Carothers arudi aangalie Mau Mau. Akaandika kijitabu, The Psychology of Mau Mau, kikachapishwa Nairobi mwaka huo huo. Watu wananyang'anywa mashamba, wanaishi kwa kipande shingoni, halafu daktari anaandika kwamba shida yao ni ya kichwa. Na alikubaliana na mpango wa kuhamishia watu vijijini, chini ya ulinzi.

Hapo ndipo shosho anaingia. Kuanzia katikati ya 1954, ndani ya muda usiozidi miezi kumi na minane, zaidi ya watu milioni moja wa maeneo ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walivunjiwa nyumba wakasukumwa kwenye vijiji takriban 800. Nyumba zimebanana, handaki limechimbwa kuzunguka, ndani yake miti iliyochongwa. Handaki walichimba wenyewe, wanawake wengi, bila malipo. Shosho alikuwa msichana mdogo. Anakumbuka filimbi. Ikilia, kila mtu nje, mkae chini. Mara nyingine analetwa mtu amevikwa gunia mwili mzima, matundu mawili ya macho, wakamwita gakunia. Anapita mbele ya watu walioketi. Akitingisha kichwa mbele yako, umeenda.

"Tulikaa hivyo," shosho akaniambia, akichora duara hewani kwa kidole. "Wakasema semeni yaliyo moyoni. Anayesema anaandikwa. Asiyesema anaandikwa."

Kwenye kambi za kizuizini ilikuwa na mpangilio kabisa. Waliita urekebishaji. Mfungwa alipangwa kwa rangi: mweusi ni sugu, kijivu yuko katikati, mweupe amelainika. Njia ya kusonga kutoka kambi moja hadi nyingine kuelekea nyumbani ilikuwa kukiri kiapo. Thomas Askwith, afisa aliyesimamia mpango huo mwanzoni, aliamini masomo, mazungumzo na kazi za mikono vinaweza kubadilisha watu. Alipolalamikia kipigo, aliondolewa kwenye hiyo kazi. Kipigo kikabaki. Machi 1959 wafungwa 11 waliuawa kwa kupigwa kambini Hola.

Sasa unaona kwa nini shosho hakufurahi. Kwake, watu kuketi pamoja waseme yaliyo moyoni si kitu kizuri mpaka aambiwe nani ameita. Na mimi ndiye nilikuwa gakunia wa ile Jumamosi, tofauti yangu ni kwamba matundu yangu ya macho yalikuwa lenzi.

Nilirudi Nairobi nikiwa nimeamua kukataa. Lakini nilishaanza kusoma, na kuna msee anaitwa Thomas Adeoye Lambo ambaye alinizuia.

Lambo alikuwa Mnigeria, daktari wa akili aliyesomea Uingereza. Mwaka huo huo wa 1954, wakati vijiji vyetu vinazungushiwa mahandaki, yeye alikuwa Abeokuta akianza hospitali ya Aro kabla hata majengo hayajakamilika. Vitanda hana. Basi akaenda kwa wakulima wa vijiji vilivyo jirani, akaongea nao wapangishe wagonjwa. Kila mgonjwa alikuja na ndugu yake: mama, dada, mjomba, mtu wa kumpikia na kumjua. Mchana anatibiwa hospitalini, jioni anarudi kijijini, anasalimiwa kama mtu. Waganga wa kienyeji nao Lambo aliwahusisha, wazungu wenzake wa taaluma wakashangaa. Na vijiji vilinufaika: kodi iliingia, maji na huduma za afya zikaboreshwa.

Fikiria hiyo. Mwaka mmoja, bara moja, madaktari wawili, na wote wawili jibu lao ni kijiji. Kijiji kimoja kina handaki, kingine kina kodi ya nyumba inayolipwa kwa mwenye nyumba. Siku nilipoona hayo yakiwa sambamba nilisahau chai mpaka ikapoa.

Turuke miaka karibu hamsini, twende Uganda, wilaya za Masaka na Rakai. Huko ukimwi ulikuwa umepita kama moto wa nyika. Watu wamezika watoto, wamezika waume, wamebaki na wajukuu. Watafiti walipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000 hawakuja na neno depresheni mkononi. Waliuliza wenyeji: tangu hii shida ije, watu wanaumwa nini? Wakapewa maneno mawili ya Kiganda: yo'kwekyawa, kujichukia, na okwekubazida, kujionea huruma. Ukisoma dalili zake ni zile zile: halali, hali, haoni maana ya kesho. Carothers angekuwepo ningemwomba anyamaze tu aandike.

Basi wakachukua vijiji 30, 15 vya wanaume na 15 vya wanawake, ambapo katika kila kimoja walitafutwa watu wenye hayo matatizo. Nusu ya vijiji vikapata vikundi, nusu vikaendelea kama kawaida ili walinganishe. Kikundi ni watu wachache wa kijiji kimoja, mara moja kwa wiki, saa moja na nusu, wiki 16. Aliyeongoza si daktari. Ni mwenyeji, anayeongea lugha yao, wa jinsia yao, aliyefunzwa kwa wiki mbili na akawa anasimamiwa kazi ikiendelea.

Wanaongea nini? Si "niambie juu ya utoto wako." Wanaongea juu ya kufiwa, ugomvi wa nyumbani, na maisha kubadilika ghafla, labda umegundua una virusi, labda jana ulikuwa mke na leo ni mjane. Wanatafuta pamoja la kufanya. Na la kufanya lilibidi litoshee pale. Huwezi kumwambia mwanamke wa kijijini akamkabili mume wake uso kwa uso kama kwenye filamu. Kuna njia zingine za kumfikishia ujumbe, mojawapo ni kumpikia vibaya kwa makusudi mpaka aulize kuna nini. Nilicheka sana hapo, kwa sababu mathangu, kuna wiki tulikula ugali mbichi nyumbani na baba ndiye alikuwa wa mwisho kuelewa.

Matokeo yalichapishwa 2003 kwenye jarida la madaktari la Marekani, JAMA. Kabla, asilimia 86 ya walio kwenye vikundi walikuwa na vigezo vya depresheni kali. Baada ya wiki 16, asilimia 6.5. Kwenye vijiji visivyopata vikundi, ilishuka kutoka 94 hadi karibu 55. Soma tena hizo namba taratibu. Hiyo si dawa mpya ya maabara. Ni watu wa kijiji wamekaa chini ya mti, na mtu aliyefunzwa akiwaongoza. Mwaka 2016 lile lile Shirika la Afya Duniani lililochapisha Carothers likachapisha mwongozo wa vikundi vya namna hii, ili dunia nzima itumie. Sikuona kama kuna aliyeomba msamaha, lakini tuendelee.

Huku Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa, msichana aliyejiua mwaka 2005 kwa sababu familia ilikosa nauli ya kumrudisha hospitalini. Nauli ya basi, watu wangu. Chibanda alikuwa mmoja wa madaktari wa akili kumi na wachache nchi nzima. Akaomba wasaidizi kwa zahanati za Mbare, akaambiwa hakuna manesi, hakuna chumba, lakini kuna nyanya 14 wanaojitolea kazi za afya mtaani. Akaona hayo ni masikhara. Nyanya? Lakini ndio waliokuwepo, basi 2006 wakaanza, kwa benchi la mbao nje ya zahanati kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi.

Mwanzoni waliliita benchi la afya ya akili. Hakuna mtu aliketi. Nani anataka kuonekana hapo? Ni wale nyanya waliosema badilisheni jina, liwe la urafiki. Pia wakakataa maneno ya vitabuni, wakatumia neno la Kishona kila mtu analijua, kufungisisa, kufikiria kupita kiasi. Sisi si tunasema "huyo amejaa mawazo"? Ni kitu kimoja. Walipopima hiyo kazi kwenye zahanati 24 za Harare, matokeo yakachapishwa 2016, walioketi na nyanya walikuwa na dalili chache kwa mbali baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Lakini sehemu inayonipendeza haiko kwenye benchi. Ukimaliza na nyanya unakaribishwa kwa kikundi, duara ya waliopitia hapo, inaitwa Kubatana Tose, kushikana pamoja. Na wakiwa kwa duara mikono haikai bure. Wanasuka mikoba kwa plastiki zilizotumika, halafu wanauza. Kuna siri hapo ambayo warsha zetu hazijaipata. Mtu akiwa na kitu mkononi, macho yake yana mahali pa kuangalia. Si lazima akuangalie wewe. Mimi na shosho tungeongea hayo yote kama hapangekuwa na maharagwe? Sidhani.

Na kama unasema sawa, hiyo ni mambo ya nyanya na vijijini, njoo nyumbani. Tom Osborn, Mkenya, alianzisha Shamiri mwaka 2018. Wanafunzi wa sekondari wanakaa vikundi, vikao vinne vya saa moja, na mada hata hazitaji ugonjwa: kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, shukrani, vitu unavyothamini. Wanaoongoza ni vijana waliomaliza shule ya upili juzi tu, wengi miaka 18 hadi 22. Walijaribu na wanafunzi 413 wenye dalili, nusu wakipata vikao hivyo na nusu wakipata vikao vya mbinu za kusoma, na ilipochapishwa 2021, dalili za depresheni na wasiwasi zilishuka zaidi kwa wale wa Shamiri.

Miaka 18 hadi 22. Bila digrii. Nilifunga simu nikatembea mpaka stejini na kurudi.

Lakini nisikudanganye, na nisijidanganye. Hakuna hata moja ya hizi hadithi ambapo mtu aliokotwa tu kwa sababu anajua kuongea. Wale wa Masaka walifunzwa na kusimamiwa. Nyanya wa Mbare wana maswali 14 wanayouliza, na mtu akionyesha yuko hatarini wanajua ni nani wa kupigia saa hiyo. Vijana wa Shamiri wana msimamizi nyuma yao, na nyuma ya msimamizi kuna mtaalamu. Kujua kuongea ndio sifa ya chini kabisa. Hata mimi nina wafuasi wengi na kuna siku sina la kumwambia mtu mmoja.

Turudi kwa yule msee wa kofia. Kwa nini aliangalia karatasi?

Kwa sababu nchi hii, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilisema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Adhabu ilikuwa hadi miaka miwili jela, au faini, au zote. Ni sheria tuliachiwa na Mwingereza. Yeye kwake aliifuta mwaka 1961, sisi tukabaki nayo kama sofa ya mgeni aliyehama. Miaka yote hiyo, mtu aliyeokolewa na majirani angeweza kutoka wodini akaingia seli. Kwa hivyo mtu akisema "nilijaribu" mbele ya watu ishirini, na jina lake na namba ya kitambulisho ziko pale mezani, hiyo si hadithi tu. Ni kukiri kosa. Na anayeandika yupo.

Tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Walioenda mahakamani ni pamoja na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa akili wa Kenya. Ilikuwa kwa habari siku mbili, halafu nchi ikaendelea na siasa. Ile warsha yetu ilifanywa miezi kadhaa baadaye. Bango lilikuwepo. Mandazi yalikuwepo. Hakuna mtu hata mmoja alisimama akasema: jameni, hiyo si kosa tena, ongeeni.

Basi nilirudi kwa mwenyekiti nikamwambia nitashika, lakini si peke yangu na si hivyo. Karatasi ya majina itoke. Wafadhili wakitaka hesabu, tutahesabu vichwa. Hakuna kamera, hata yangu, hasa yangu. Kuna nesi wa zahanati ya hapo karibu amekubali kunifunza Jumatano jioni na kuwa namba ya kwanza napigia mambo yakinizidi, na nimebandika ukutani namba ya bure ya Msalaba Mwekundu, 1199, kwa anayetaka kuongea na mtu asiyemjua. Mwenyekiti alilalamika kidogo juu ya picha. Nikamwambia historia ya gakunia. Akanyamaza.

Duara ya kwanza tulikuwa tisa. Yule mama wa mboga alikuja na gunia la sukuma, akasema hawezi kukaa bure na kesho ni soko, akagawia kila mtu mafungu ya kufunga. Nikaanza kwa kueleza hukumu ya Januari, kwa Kiswahili cha mtaani, mara mbili. Msee wa kofia alikuwa ameketi karibu na mlango. Alifunga sukuma mafungu kama arobaini bila kusema kitu. Wakati wa kufunga ukumbi ndipo akaniuliza, sauti ya chini, "Hiyo ya sheria, una uhakika?" Nikamwambia nina uhakika. Akasema sawa. Akauliza wiki ijayo ni saa ngapi.

Jioni shosho akapiga simu.

"Mume wangu. Nani aliwaita?"

"Tuliitana, shosho."

"Na nani aliandika?"

"Hakuna."

Akakaa kimya, nikasikia kuku wake nyuma. "Mko wangapi?"

"Tisa. Na mama mmoja ameleta sukuma."

"Hiyo nzuri," akasema. "Mwambie akate shina ndefu. Zikikatwa fupi zinanyauka kabla ya mchana."